"Have" na "habere" si ndugu

Kila ukizuka mjadala kuhusu asili ya Kiingereza, hakosekani mtu wa kuleta ushahidi uleule: Kiingereza kina "have", Kilatini kina "habere", maana moja, herufi karibu zilezile, kwa hiyo Kiingereza ni mtoto wa Kilatini. Inaniudhi kwa sababu katika jozi zote ambazo mtu angeweza kuokota, ameokota hiyo isiyo na udugu hata chembe.

Maneno ya kurithi yenye h mwanzoni kwa Kilatini huwa na g katika lugha za Kigermaniki, yaani jamii ya Kiingereza, Kijerumani na Kigothi. Tazama "hostis" na "Gast" ya Kijerumani. Nayo h ya Kigermaniki ilitokana na k ya zamani: "cornu" na "horn", "canis" na "hound", "centum" na "hundred". Kwa hiyo ndugu halisi wa "have" ni "capere", yaani kushika au kutwaa. Anayesaka mifanano ya sura atalipita "capere" bila hata kuligeukia.

Hayo si mambo mapya. Mwanaisimu wa Denmark, Rasmus Rask, aliyaeleza mwaka 1818, na Mjerumani Jacob Grimm akayapanga kuwa kanuni mwaka 1822: p ikawa f, t ikawa th, k ikawa h, d ikawa t, g ikawa k. Kinachothibitisha udugu ni ulinganifu unaojirudia katika sauti ileile, neno baada ya neno: "decem" na "ten", "duo" na "two", "edere" na "eat". Jozi moja haithibitishi kitu.

Anayetaka kulinganisha aanze na umbo la zamani kabisa lililoandikwa, si kamusi ya leo. Kwa Kigermaniki hiyo ni Kigothi cha tafsiri ya Biblia ya askofu Wulfila, ya karne ya 4, kisha Kiingereza cha Kale na Kijerumani cha Juu cha Kale. Avue viambishi abaki na mzizi. Aangalie sauti imekaa wapi, maana t iliyotanguliwa na s, p au k haikuguswa: "stare" na "stand", "octo" na "acht". Wengi hukwama hapo, wakadhani kanuni imevunjika.

Lakini kinachoniuma zaidi ni jinsi kanuni ya Grimm inavyofundishwa kisha somo likaishia hapo, na maneno yasiyotii yakaitwa "vighairi". Kilatini kina "frater" (kaka) na "pater" (baba), zote zina t katikati. Kwa kanuni ya Grimm, Kigothi kilipaswa kuwa na th katika yote mawili. Kina "broþar" (þ ni th), sawa, lakini kina "fadar". Kwa nini d? Kwa zaidi ya miaka 50 swali hilo halikupata jibu, mpaka Karl Verner wa Denmark alipoenda kutazama mkazo katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India iliyo jamaa ya hizi. "Bhrā́tā" ina mkazo kwenye silabi ya kwanza. "Pitā́" ina mkazo mwishoni. Pale irabu inayotangulia ilipokosa mkazo, sauti ile ikapata mghuno, yaani mtetemo wa kooni, na hatimaye ikawa d. Baadaye Kigermaniki kikahamishia mkazo wote kwenye silabi ya kwanza ya mzizi, na sababu ikafutika huku matokeo yakibaki. Makala yake ilichapishwa mwaka 1877.

Wanafunzi hupotea hapa kwa sababu hupewa "father" na "brother" za leo, ambazo zote zina th. Hiyo th ya "father" ni ya baadaye. Kiingereza cha Kale kilisema "fæder". Wapeni Kijerumani: "Vater" kwa t, "Bruder" kwa d. Tofauti ya mkazo wa maelfu ya miaka iliyopita bado inasikika. Iko pia katika s ya "was" na r ya "were", na katika d ya "schneiden" (kukata) na t ya "schnitt" (alikata). Hata b ya "haben", yaani "have" ya Kijerumani, inatoka huko, maana "capere" ina p. Kumwambia mwanafunzi "hilo ni la kukariri tu" ni kumnyima kitu kizuri kuliko vyote katika fani hii.

Nakubali, shingo upande, kwamba msamiati wa Kiingereza umejaa Kilatini na Kifaransa. Ila maneno ya mkopo nayo yanasema yalipoingia. Chukua p ya Kilatini ilivyo katika Kijerumani. Neno la kurithi lina f: "piscis" na "Fisch". Lililokopwa kutoka kwa Warumi baada ya badiliko la kwanza, lile la Grimm, lakini kabla ya la pili lililozipata lahaja za kusini zinazoitwa Kijerumani cha Juu, lina pf: "pondo" likawa "Pfund". Lililoingia mwishoni mwa Enzi za Kati limebaki na p yake: "Papier". Na "sing, sang, sung" hukopi sokoni. Kijerumani kina "singen, sang, gesungen", Kilatini hakina mpango huo wa kubadili irabu i, a, u.

Kosa hilohilo ndilo la wanaokifanya Kiswahili kuwa Kiarabu kwa sababu ya "kitabu" na "saba". Mwanaisimu wa Kijerumani Carl Meinhof alipolinganisha sauti za Kibantu mwaka 1899 alitumia mbinu hiyo hiyo, na baadaye akaipa kanuni moja jina la Dahl, mmisionari aliyeiona katika Kinyamwezi. Inasikika wazi katika Kikuyu: kiambishi ni "kĩ-" katika "kĩrĩma", mlima, lakini kinakuwa "gĩ-" kikifuatwa na sauti isiyo na mghuno kama t au k, ndiyo maana kiti ni "gĩtĩ" na lugha yenyewe inaitwa "Gĩkũyũ". Mwalimu wa isimu wa Nairobi anayetaka kueleza kanuni ya sauti aanze na hiyo, darasa liisikie kwa masikio yake, ndipo aende kwa Verner.