Dawa zetu zisiwekwe rehani kwenye mikataba ya biashara

Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi alitoa hukumu ambayo naona kila anayemeza dawa nchini Kenya anastahili kuijua. Wakenya watatu wanaoishi na virusi vya ukimwi walikuwa wamekwenda mahakamani tangu 2009 kupinga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008. Ukisikia hivyo harakaharaka utashangaa. Nani asiyetaka bidhaa bandia zikomeshwe? Lakini watatu hao walikuwa wamekisoma kifungu cha 2 hadi mwisho.

Kifungu hicho kilihesabu kuwa bandia kitu chochote kilichotengenezwa bila idhini ya mwenye haki, kikawa nakala inayofanana kabisa au karibu kabisa na bidhaa inayolindwa, iwe ni Kenya au kwingineko. Sasa chukua kidonge cha jenereki, yaani dawa inayotengenezwa na kiwanda kingine tofauti na kampuni iliyoigundua. Kina kiambato kilekile, kipimo kilekile, na kinafanya kazi ileile mwilini. Kufanana ndiko kunakokipa thamani. Kisipofanana, hakifai kumpa mgonjwa. Kwa maneno ya sheria ile, ofisa wa forodha pale bandari ya Mombasa, akiwa na barua ya malalamiko ya kampuni, angeweza kuzuia kontena zima la dawa halali, zilizopimwa na kusajiliwa, kwa kosa la kufanana.

Serikali ilijitetea kwamba haikuwa na nia hiyo. Nakubali kwamba huenda haikuwa nayo. Lakini mgonjwa hatibiwi kwa nia ya aliyeandika sheria. Jaji aliamua kwamba haki ya kuishi, haki ya utu na haki ya afya, zilizomo katika ibara za 26, 28 na 43 za Katiba ya 2010, zinatangulia haki miliki ya kampuni, na akaiambia serikali ikitazame upya kifungu hicho.

Wala hofu hiyo haikuwa ya kufikirika. Kati ya mwisho wa 2008 na mwanzo wa 2009, maofisa wa forodha wa Uholanzi walizuia shehena za dawa za jenereki zilizotoka India na kupita tu nchini mwao. Moja ilikuwa losartan, dawa ya shinikizo la damu, ikienda Brazil. Nyingine ilikuwa abacavir, dawa ya virusi vya ukimwi, ikienda Nigeria. Zilikuwa dawa halali kule zilikotoka na halali kule zilikokuwa zinakwenda. Zilikamatwa njiani kwa sababu ya haki zilizosajiliwa katika nchi ambayo hakuna mtu hata mmoja angezimeza.

Ninaanza na kesi hii kwa sababu imenifundisha mahali pa kutazama. Tunapozungumza juu ya bei ya dawa, macho yetu huenda kwenye hospitali, kwenye wizi wa dawa, kwenye bima. Yote hayo ni kweli. Lakini yapo maneno machache yanayopenyezwa kwenye sheria na mikataba ambayo jina lake halitaji dawa hata kidogo, nayo yanaweza kupandisha bei kuliko mwizi yeyote wa stoo.

Tulishayaona haya kabla. Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 iliiruhusu Kenya kuagiza dawa kutoka popote zinapouzwa kihalali kwa bei nafuu, hata kama aliyeitengeneza kwanza hapendi. Wanaharakati walikuwa wameipigania kwelikweli. Mwaka uliofuata, ndani ya muswada wa marekebisho madogomadogo ya sheria mbalimbali, ule ambao wabunge huupitisha wakiwa nusu wamelala, kukaingizwa maneno ya kudai kwamba mwagizaji apate kwanza ridhaa ya mwenye hataza, yaani kampuni yenye haki ya dawa hiyo. Ni kama kumwambia mteja aombe ruhusa kwa muuzaji ghali kabla ya kwenda kwa muuzaji rahisi. Kelele zikapigwa, na mwaka huohuo wa 2002 maneno hayo yakaondolewa. Lakini je, kama yasingeonekana?

Kwa asiyeijua hataza: ni haki ya kampuni kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaotumika tangu 1995, unataka haki hiyo idumu angalau miaka 20. Si muda mfupi hata kidogo kwa mtu anayesubiri dawa. Lakini mkataba huohuo uliacha milango. Serikali inaweza kutoa leseni ya lazima, ikamruhusu mtu mwingine kutengeneza dawa bila ridhaa ya mwenye hataza, kwa kumlipa fidia. Inaweza kuagiza kutoka nchi yenye bei nafuu. Na mwezi Novemba 2001, mjini Doha, nchi zote wanachama zilikubaliana kwa maandishi kwamba mkataba huo hauzuii na haupaswi kuzuia nchi kulinda afya ya watu wake. Nchi maskini zaidi, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, zimepewa hadi Januari 2033 bila kulazimika kulinda hataza za dawa. Kenya haimo katika orodha hiyo.

Milango hiyo ndiyo iliyowaweka watu hai, na sisemi hivyo kwa kukuza mambo. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi kutoka kampuni kubwa ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Februari 2001, kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kwamba ingewauzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350. India iliweza kwa sababu wakati ule sheria yake haikutoa hataza kwa dawa zenyewe. Mwezi Aprili mwaka huohuo, kampuni 39 za dawa zilizokuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria yake ya kuruhusu dawa nafuu ziliondoa kesi yao, baada ya dunia nzima kuona aibu ile.

Nenda leo kwenye kliniki yoyote ya wanaoishi na virusi, siku ya kuchukua dawa. Utaona vikopo vyeupe vya plastiki, na ndani yake kidonge kimoja cha kila siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Wapo wanaovimimina vidonge kwenye mfuko wa nailoni au kusokota pamba ndani ya kopo, ili visigonge njiani abiria wa matatu wakajua. Unyanyapaa bado upo. Ila ule wasiwasi wa miaka ya 2000, wa kujiuliza ni nani katika familia atanunuliwa dawa na nani asubiri, umewaondokea wengi. Mwaka 2023 Global Fund, mfuko wa dunia wa kupambana na ukimwi, kifua kikuu na malaria, ilitangaza kwamba kidonge hicho kinapatikana kwa chini ya dola 45 kwa mwaka. Dolutegravir yenyewe ilikuwa na hataza. Kampuni yake ilikubali mwaka 2014 kutoa leseni kwa watengenezaji wa jenereki kupitia Medicines Patent Pool, shirika linalokusanya leseni za hataza za dawa, na haikufilisika. Nalisema hili kwa wanaoniambia kila mara kwamba bila ulinzi mkali hakuna atakayefanya utafiti. Utafiti una gharama, nami sitaki uvumbuzi ufe. Lakini miaka 20 tayari wanayo, na hakuna anayewanyang'anya. Ninachokataa ni kuongezewa.

Na nyongeza ndiyo inayoombwa kwenye mikataba ya biashara huria. Nchi tajiri hazikuridhika na TRIPS, na baada ya Doha zilihamia kwenye mikataba ya nchi moja na nyingine, ambako mnyonge hukaa mezani peke yake. Madai hayo hujirudia karibu kila mahali: muda wa hataza urefushwe kupita miaka 20, bodi ya dawa isisajili jenereki mpaka ihakikishe hakuna hataza, kana kwamba wafamasia ni mawakili wa kampuni, na lile ninaloliogopa kuliko yote, ulinzi wa pekee wa data za majaribio.

Hili la data linahitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu limefichwa vizuri. Mtengenezaji wa jenereki anapoomba usajili kwa Bodi ya Famasia na Sumu, harudii majaribio kwa maelfu ya wagonjwa. Anathibitisha kwamba kidonge chake kina ubora unaotakiwa na kwamba kinafikisha dawa kwenye damu kwa kiwango kilekile na kwa kasi ileile kama cha asili. Bodi inajua tayari kwamba dawa hiyo inatibu, maana kampuni ya kwanza ilishathibitisha. Kifungu cha data kinaiambia bodi: kwa miaka mitano, au zaidi, usiutumie ujuzi huo. Mtengenezaji wa jenereki abaki na mawili, asubiri au arudie majaribio yote upya. Kurudia maana yake ni gharama asizoziweza, na ni kuwagawia baadhi ya wagonjwa vidonge visivyo na dawa ili kuthibitisha jambo linalojulikana. Mimi naliita hilo dhambi.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba kufuli hili halihitaji hataza kabisa. Dawa isiyosajiliwa hataza nchini inafungwa vilevile. Hata serikali ikitoa leseni ya lazima wakati wa janga, bodi bado haiwezi kuisajili hiyo jenereki. TRIPS inataka data zilindwe dhidi ya matumizi ya biashara yasiyo ya haki. Haisemi popote kwamba bodi ifumbe macho kwa miaka mitano.

Jordan walilipia somo hili. Walisaini mkataba wa biashara huria na Marekani mwaka 2000, wakiahidiwa uwekezaji. Mwaka 2007 shirika la Oxfam lilichunguza dawa mpya zilizoingia sokoni humo bila hataza, likakuta kwamba asilimia 79 hazikuwa na mshindani wa jenereki kwa sababu ya ulinzi wa data.

Sasa turudi nyumbani. Mwezi Mei 2020, kabla ya mazungumzo ya biashara huria na Kenya kuanza, serikali ya Marekani ilichapisha malengo yake. Kwenye haki miliki ilisema wazi kwamba inataka kiwango cha ulinzi kinachofanana na cha sheria zake yenyewe. Kule, ulinzi wa data na kurefusha hataza ni mambo ya kawaida, na bei ya dawa ndiyo kilio cha wananchi wao wenyewe. Mazungumzo yalianza Julai mwaka huo, yakasimama, yakabadilishwa jina mwaka 2022. Majina yatabadilika tena. Matakwa yale hayajafutwa na mtu.

Na hili si la Wakenya peke yao. Baadhi ya dawa za Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo hushuka Mombasa, na viwanda vya Nairobi huuza ng'ambo ya mipaka. Kenya ikijifunga kuzuia bidhaa zinazopita tu, kama Uholanzi ilivyofanya, msamaha wa majirani wa hadi 2033 utakwama bandarini kwetu. Wanaosema kuna njia maalumu ya Shirika la Biashara Duniani ya kuagiza jenereki kwa nchi zisizo na viwanda, wakaulize Rwanda. Utaratibu huo ulipitishwa mwaka 2003. Rwanda iliomba mwaka 2007 kupata dawa za virusi kutoka Apotex ya Kanada, na shehena ya kwanza ikafika Septemba 2008. Kampuni hiyo ilisema haitarudia, kwa jinsi njia ile ilivyojaa makaratasi.

Kwa miaka mingi wengi wetu hatukuijua bei halisi ya dawa hizi kwa sababu wafadhili ndio walionunua. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake kwa siku 90, na kliniki zikaanza kuhesabu vikopo vilivyobaki. Kenya ina watu wapatao milioni 1.4 wanaoishi na virusi. Kadiri serikali inavyolazimika kununua kwa fedha zake yenyewe, kila kifungu kinachochelewesha jenereki kitaonekana kwenye bajeti. Na si ukimwi tu. Saratani, kisukari, homa ya ini na kifua kikuu sugu zinasubiri dawa mpya zilezile zinazolindwa.

Tunayo Sheria ya Kutunga na Kuidhinisha Mikataba ya mwaka 2012, inayotaka Bunge na wananchi washirikishwe. Shida ni kwamba mkataba hufika bungeni ukiwa umeshasainiwa, na mbunge kwa kawaida anabaki na kuukubali wote au kuukataa wote, huku wauza maua na chai wakisubiri nje. Hakuna mbunge atakayeangusha soko la maua kwa ajili ya aya moja kuhusu data za majaribio ya dawa. Mahali pa kuizuia aya hiyo ni kabla ya sahihi, na hapo wananchi hawapo.

Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, uliosainiwa Desemba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, haukuweka masharti mapya ya hataza za dawa, lakini uliacha haki miliki kwenye orodha ya mambo ambayo pande mbili zitarudi kuyajadili. Kikao hicho kitakapoitishwa, nataka Wizara ya Afya na Bodi ya Famasia na Sumu wawe mezani pamoja na watu wa biashara, na rasimu ya sura ya haki miliki iwekwe hadharani kabla ya mtu yeyote kushika kalamu. Atakayekwenda kutuwakilisha apewe maagizo ya maandishi: hakuna zaidi ya TRIPS.