Nembo ya Wamakonde na Paji la Farasi

Neno nembo siku hizi limehamia kwenye barua rasmi, kwenye fulana za timu na kwenye milango ya magari ya serikali, kiasi kwamba vijana wengi hawajui kuwa zamani lilitaja alama ya kabila iliyochanjwa kwenye ngozi ya mtu. Nyumbani kwetu Kwale neno hilo halikuhama. Nyanya yangu mzaa mama, ambaye alizaliwa katika uwanda wa Mueda kaskazini mwa Msumbiji na kuletwa Kenya na mumewe aliyekuja kukata mkonge wakati wa Waingereza, ana nembo usoni mwake hadi leo: mistari iliyokunjwa kama paa la nyumba, mmoja chini ya mwingine, iliyochanjwa kwa kisu na kusuguliwa masizi ya mbegu za mbarika mpaka ikageuka samawati iliyokoza chini ya ngozi. Wamakonde wenyewe huziita dinembo, na aliyezijua aliweza kumtambua mwenzake kabla hajafungua kinywa.

Nayaeleza haya kwa sababu mwaka huu nimechorwa tatuu mkononi, yenye mistari ya nyanya yangu pamoja na alama ya farasi niliyemtunza kwa miaka saba, na watu wa pande zote mbili wamenishangaa. Wenzangu wa Kwale wanasema farasi si wetu. Wenzangu wa Nairobi wanasema kama nilitaka kumkumbuka farasi, ningechora kichwa chake na singa zikipepea, kama wanavyofanya wengine.

Kuhusu farasi kutokuwa wetu, sina ubishi. Wazee wetu wa Mueda hawakufuga farasi, na sehemu kubwa ya Afrika iliyo chini ya Sahara haikuwa na farasi kwa sababu mbung'o na maradhi yanayoenezwa na visubi viliwaua kabla hawajazoea nchi. Mimi nilimkuta farasi Nairobi, kwenye baridi, katika zizi la watu wenye uwezo, nilipokwenda kutafuta kibarua nikaambiwa nishike ndoo na brashi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa saisi. Jike niliyekabidhiwa alikuwa ameletwa kutoka Afrika Kusini kwa ajili ya mashindano, na miguu ilipomchosha aliachwa abebe watoto waliokuwa wakijifunza kupanda. Jina lake la mashindano lilikuwa refu na la kizungu. Sisi masaisi tulimwita Bi Mkubwa, kwa kuwa alikataa kunywa maji yaliyolala.

Bi Mkubwa alikuwa na pasipoti. Msomaji asidhani natia chumvi: farasi wanaovuka mipaka huandikiwa kijitabu chenye picha ya mwili wao iliyochorwa kwa mistari mitupu, na daktari wa mifugo huitia kila baka jeupe na kila mahali ambapo nywele hujizungusha, maana mizunguko hiyo ya nywele hutofautiana kutoka farasi mmoja hadi mwingine na haibadiliki maishani. Yeye alikuwa na miwili juu ya paji, mmoja ukielekea kulia na mwingine kushoto. Mimi niliyekuwa nikimshikia hatamu wakati daktari akilinganisha kijitabu na paji lake sikuwa na karatasi yoyote. Nilizaliwa Kenya, mama yangu alizaliwa Kenya, lakini Wamakonde hatukuwa na vitambulisho. Hatukuweza kufungua akaunti ya benki, wala kusajili laini ya simu kwa majina yetu. Ilibidi watu wetu watembee kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mnamo Oktoba 2016 ndipo amri ya kutupatia vitambulisho itolewe, na mwaka 2017 tukatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Tangu hapo sikuweza kuitazama nembo ya nyanya yangu kama urembo. Ilikuwa karatasi yake, iliyoandikwa na fundi wa kwao, na haikuhitaji muhuri wa mtu mwingine. Ndiyo maana siwaelewi wanaofungua simu, wakatafuta alama za Kiafrika, wakachagua moja iliyokaa vizuri kwenye bega, kisha wakaiita asili yao. Simkatazi mtu mzima kupamba mwili wake. Lakini alama ambayo hakuna mtu hata mmoja wa ukoo wako awezaye kuisoma imekuwa pambo, na ni afadhali iitwe hivyo. Kwa sababu hiyohiyo sikuthubutu kuiga uso wa nyanya yangu wote: ile ni nembo ya mwanamke, aliyoistahimili akiwa msichana, na maumivu yake hayakuwa yangu ya kurithi. Nilichukua mistari mitatu tu, na niliinakili kutoka kwenye kinyago cha mjomba cha lipiko, yaani kile kinachovaliwa kichwani wakati wa ngoma, ambacho uso wake wa mti una dinembo zilizofinyangwa kwa nta ya nyuki.

Bi Mkubwa alikufa kwa msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kinachoziba ndani hubaki ndani, na usiku ule tulimtembeza kuzunguka uwanja hadi miguu yake ikakataa. Mchungaji wetu alinikumbusha kwamba Mambo ya Walawi 19:28 inakataza kuchanja chale kwa ajili ya wafu, na nakiri kwamba aya hiyo ilinigusa kuliko maneno ya wenzangu. Nilimjibu kwamba sikumchanjia maiti. Nilichora ushahidi wa miaka ambayo mimi na mnyama yule tulitambuana, yeye kwa harufu yangu na mimi kwa paji lake. Hakuridhika, nami sikumlazimisha.

Fundi wa tatuu alitaka kutumia mistari myembamba, nikakataa, kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi kama yangu mistari minene ndiyo inayodumu kusomeka. Kisu sikukitaka pia, maana makovu yangu huvimba. Chini ya mistari mitatu aliweka mizunguko miwili midogo, mmoja kulia na mmoja kushoto, kama ilivyokuwa kwenye pasipoti.

Nilipokwenda Kwale, nyanya aliushika mkono wangu, akaupeleka kwenye mwanga wa mlangoni na kupitisha kidole juu ya kila mstari. Alisema fundi wangu ameupindua mstari wa pili. Kisha kidole kikashuka kwenye mizunguko, kikasimama hapo, akaniuliza ni ya ukoo gani. Nilipomweleza alicheka sana, halafu akataka kujua mnyama huyo alikuwa akila nini.