Ami na namba kubwa

Ami yangu ukimwonyesha ndoo ya lita 20, ataitaka ya 25 kwa bei ileile. Ndiye aliyekabidhiwa pesa za kuezeka jiko la uani kwetu Kisauni, Mombasa, makuti yalipochoka. Mimi nikatumwa nimfuate, nibebe.

Duka la vifaa Mwembe Tayari, muuzaji akauliza, "Mzee, mabati ya unene gani: geji 28, 30 au 32?"

"32!" Ami akasema, kifua mbele.

Akatajiwa bei, ikawa chini kuliko ya 28. Akaniminya mkono. "Huyu hajui biashara. Toa pesa kabla hajazinduka." Kisha akaagiza waya wa kamba ya nguo: "Mwembamba tu, geji 8." Ukaletwa mzinga wa waya, milimita 4 nzima. Ami akaona mtu amekosea tena kwa faida yetu. Tukaondoka mbio na hamali wa mkokoteni.

Nyumbani fundi akainua bati kwa vidole viwili, upepo ukalipapasa likalia wabwa-wabwa. Akanyamaza. Alipomaliza kugongomea akasema tu, "Ami, ukipanda kanyaga penye pao." Nani alimwambia apande? Lakini alipanda, akakanyaga katikati. Bati likamkunja kama sambusa, makalio chini, miguu juu. Kofia yake ya vito ikabingirika mpaka ukingoni, ikatua kwenye karai la viazi la mkewe, ikaanza kukaangika.

Mimi sikuweza kumsaidia. Nilikuwa nahangaika na koleo, nazungusha geji 8 kwenye nguzo. Nguzo ikang'oka, waya haujapinda.

"Namba ikipanda, unene unashuka," fundi akamweleza huku akimvuta kwapani. "Zamani waya ulivutwa tundu hadi tundu, kila tundu jembamba kuliko lililopita, ndiyo hesabu ikaenda hivyo. Na geji haifanani kwa kila metali: bati la chuma la geji 16 ni kama milimita 1.5, la alumini ni kama 1.3. Dukani uliza milimita, Ami."

Ami akajipangusa, akaitazama kofia yake ilivyoiva. "Kumbe! Basi kesho twende tukachukue mabati ya geji 1."

Fundi akaweka nyundo chini. "Hiyo inapita milimita 7, mzee. Unaezeka jiko au unaunda feri ya Likoni?"