Kila silabi na korosho yake

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu hapa Lindi, juzi kaja na karatasi ya habari za Tendaguru, anasoma vizuri tu mpaka kafika kwenye palaeontological akakwama. Akanambia, "Mjomba, hili tumeambiwa tukariri tu." Kwa kweli niliumia. Tendaguru si kwetu? Mifupa ya dinosaria ilichimbwa pale kuanzia 1909 mpaka 1913, wazee wa huku ndo walioibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, na leo mnyama mmoja kasimamishwa makumbusho ya Berlin kimo chake mita 13 na ushee, afu mtoto wa Lindi neno la taaluma hiyo analimeza kama kidonge!

Nikachukua korosho saba nikazipanga mkekani. Pa-li-on-to-LO-ji-kol. Kila silabi na korosho yake, ile ya tano nikaisogeza mbele kidogo maana hapo ndo penye mkazo. Tukaja kwenye vipande, vitatu vya mwanzo asili yake Kigiriki: palaios ni -a kale, ont ni kilichopo, logos ni neno au maelezo, na ule mkia wa -ical ndo unaoligeuza kuwa kivumishi. Yani -a elimu ya viumbe vya kale, basi, hakuna uchawi.

Mi nasema watoto wetu wafundishwe hivi, kwa sababu kupachika vipande ni kazi yetu ya kila siku na hatuogopi: soma, somesha, someshana, na mkazo unatembea, SO, ME, SHA, kwa kawaida silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza nacho mkia ukibadilika mkazo unaweza kuhama, palaeontology mkazo uko TO, ukiweka -ical unaenda LO, yani silabi inayotangulia huo mkia, na ile to iliyokuwa na nguvu inafifia mpaka huisikii vizuri. Hapo ndo sisi tunapokwama, tumezoea kutamka kila silabi wazi, na sioni sababu ya mtoto kuchekwa kwa hilo.

Akarudia mara tatu, akidonoa korosho kwa kidole. Afu akatoa moja, zikabaki sita, akaandika archaeological kwenye daftari, akasoma taratibu, na kabla sijafungua mdomo akaisogeza mbele ya nne.