Barua za Desemba katika shule zetu za Kikatoliki

Sina ugomvi na shule za Kanisa. Mimi mwenyewe nimelelewa na masista, watoto wangu nimewapeleka huko huko, na ada nalipa, japo kwa kunung'unika kama wazazi wengi wa Dar es Salaam. Lakini kuna jambo linafanyika kila mwaka shule zikikaribia kufungwa, na naona tumelizoea mno. Mtoto anakabidhiwa ripoti, na ndani yake kuna karatasi inayosema wastani wake haukufika, hivyo arudie darasa au wazazi wamtafutie shule nyingine. Naandika sasa, barua zikiwa bado hazijatoka, kwa sababu ikifika Januari kila mtu anahangaika na sare na madaftari na hakuna anayetaka kulijadili tena.

Kwa asiyejua, mambo yako hivi. Kwa madaraja ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, alama 45 hadi 64 ni C, na 30 hadi 44 ni D, ambayo nayo ni kufaulu. Shule zetu nyingi zina kipimo chao wenyewe juu ya hicho: zipo za 50, zipo za 55, zipo za 60. Kwa hiyo mtoto mwenye wastani wa 57, ambaye kwa taifa ni mwanafunzi wa C na hana deni na mtu, kwenye shule ya 60 anahesabiwa ameshindwa. Wizara ya Elimu imeshalikemea hadharani jambo hili. Kilichobadilika ni lugha tu. Siku hizi hakuna anayefukuzwa. Mzazi "anashauriwa" amhamishe mtoto, na fomu ya uhamisho imeshajazwa nusu.

Watu huzungumzia barua yenyewe. Mimi kinachonisumbua ni wiki zinazotangulia. Binti yangu yuko kidato cha tatu, darasa ambalo halina mtihani wa taifa, kwa hiyo mtihani wa shule wa mwisho wa mwaka ndio unaoamua kila kitu. Kuanzia Oktoba, nyuma ya daftari lake la Kemia ana hesabu ambayo haikufundishwa na mwalimu yeyote: masomo yote yameorodheshwa, kila somo na alama anayodhani atapata, jumla, kisha kugawanya. Nikipata 48 Fizikia, Kiswahili kinibebe kwa 78. Nikipata 41, Historia ifike 80. Amefuta na kuandika upya mpaka karatasi imetoboka. Tumbo linamuuma saa kumi na nusu alfajiri, akisubiri basi la shule, siku ya Hesabu. Saa nane mchana limepona. Siku ya Kiswahili haumwi chochote. Daktari wa zahanati ya mtaani alimpima minyoo.

Na huyu ni mtoto ambaye nyumbani hachapwi kwa ajili ya alama, na ambaye wastani wake uko juu ya mstari, ingawa si kwa mbali. Wa chini ya mstari sijui wanalalaje. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Chukua mkondo wa wanafunzi 42: ni sita hao, kabla hatujawaongezea presha ya Desemba.

Shule itajibu kwamba ina malezi, na kweli inayo. Kuna sala ya asubuhi, kuna mafungo, kuna TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, kuna padre mlezi, kuna sista wa ushauri nasaha mwenye chumba chake na kiti cha mgeni. Sidharau hata kimoja. Nimeona watoto wakitoka kwenye mafungo wakiwa wepesi kuliko walivyoingia. Tatizo ni kwamba sista yule yule wa ushauri nasaha yumo kwenye kamati ya nidhamu, na Desemba anakaa kwenye kikao kinachopitia majina ya wanaotakiwa kuondoka. Watoto wanajua. Watoto wanajua kila kitu cha ofisi ya walimu. Nani atakwenda kumwambia kwamba halali usiku kwa kuogopa Fizikia, wakati kesho kutwa mshauri huyo atakuwa anasoma alama zake za Fizikia mbele ya mkuu wa shule? Wanabaki na kitubio, ambako siri inatunzwa kweli kweli, lakini kutoelewa vekta si dhambi, na padre hawezi kukupa malipizi ya kukupandisha alama tatu.

Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ya kupiga bure, mara nyingi naikuta imebandikwa ofisini, sehemu ambayo mtoto anaingia akiwa ameitwa. Ibandikwe bwenini na chooni. Tena mtoto wa bweni hana simu, kwa hiyo matroni awe na ya kumwazima bila kumhoji anampigia nani.

Ningekuwa nazungumzia shule ya mfanyabiashara fulani nisingehangaika hivi. Anauza divisheni wani, daraja la juu kabisa la ufaulu, nawe umenunua, yameisha. Lakini shule yenye jina la mtakatifu getini imejifunga kwa maneno yake yenyewe. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu, la tarehe 28 Oktoba 1965, linazitaka shule za Kikatoliki zitazame kwa namna ya pekee maskini, na wale waliokosa msaada na upendo wa familia. Sasa angalia nani yuko chini ya mstari wa wastani. Mara nyingi ni yule ambaye wazazi wake wametengana mwaka huu, au aliyefiwa, au anayekaa kwa shangazi Mbagala na kufua nguo za nyumba nzima kabla ya kufungua daftari. Wale wale wa kwenye tamko. Wasalesiani, watawa wa shirika la Don Bosco, ambao hapa Dar wako Oysterbay, wanaijua barua ya mwanzilishi wao huyo ya mwaka 1884 kutoka Roma, aliposema haitoshi vijana kupendwa, sharti wao wenyewe waone kwamba wanapendwa. Mtoto hawezi kuliona hilo kwenye karatasi ya "unashauriwa".

Mkuu mmoja wa shule, mtu ninayemheshimu, aliwahi kunijibu bila kuzunguka: nyinyi wazazi ndio mnaotaka. Tukishuka divisheni mnahamisha watoto wenu, madawati yanabaki wazi, walimu wanakosa mishahara. Siwezi kumbishia sana. Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, na wengi tuliipongeza. Kisha tukakaa kwenye makundi yetu ya WhatsApp tukajipangia orodha wenyewe, shule kwa shule, kabla hata chai haijapoa. NECTA inatoa matokeo ya kidato cha nne kwa namba za watahiniwa bila majina. Kwenye kundi letu la wazazi inatumwa PDF ya darasa zima, majina matatu matatu, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na walio chini ya wastani wamepakwa nyekundu. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sijaona mzazi yeyote akiitaja mwanawe akiwa wa tatu.

Halafu inakuja safari. Sisi wa Kilimanjaro Desemba lazima tupande, basi kutoka stendi ya Mbezi hadi Rombo, na ukoo mzima unakusanyika. Swali la kwanza baada ya shikamoo ni "umekuwa wa ngapi?" Mjomba anauliza, bibi anauliza, jirani aliyekuja kuazima sufuria anauliza. Mwaka jana mpwa wangu, aliyepewa barua shule nyingine hapa mjini, alishinda migombani likizo karibu yote. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe kwa bidii ambayo kila mtu aliisifu. Mimi nilimwona anavyokwepa sebule. Januari akafanya usaili shule tatu, na kila moja ilimuuliza kwa nini anahama, mbele ya mama yake. Aliyopata ni ya mbali na kwao Tabata, kwa hiyo akaongezewa saa moja ya daladala kila upande. Wenzake aliokuwa anaimba nao kwaya tangu kidato cha kwanza hawakuambiwa kaenda wapi; mwalimu alifuta jina kwenye daftari la mahudhurio na kuendelea.

Sidai watoto wapite tu bila kujua kitu. Anayehitaji kurudia darasa yupo, na wakati mwingine kurudia kunamsaidia. Lakini aambiwe Juni, matokeo ya muhula wa kwanza yanapotoka, mzazi akiwa ameketi hapo, na shule ieleze itafanya nini kuanzia Julai hadi Novemba. Kipimo cha kumwondoa mtoto kisizidi cha taifa. Mshauri nasaha atolewe kwenye kamati ya nidhamu na kwenye kile kikao. Na barua, kama lazima iwepo, isitumwe mkononi mwa mtoto ndani ya basi la shule baada ya Misa ya kufunga mwaka, tena Majilio, wakati kwaya imetoka kuimba habari za mtoto aliyekosa nafasi nyumba ya wageni. Hili la mwisho wala halihitaji bajeti, linahitaji mtu mmoja ofisini aone aibu.

Wamiliki wa shule, majimbo na mashirika ya kitawa, wanaweza kulimaliza hili wakitaka. Nami kwa sehemu yangu nina kazi moja. Mwishoni mwa Januari matokeo ya kidato cha nne yanatoka, na getini patatundikwa bango la divisheni wani. Kwenye kikao cha wazazi nitaomba namba mbili ambazo bango halina: walioandikishwa kidato cha kwanza miaka minne iliyopita, na waliokaa kwenye chumba cha mtihani Novemba. Tofauti yake nitaomba itajwe kwa sauti, iandikwe kwenye muhtasari, kisha tuendelee na ajenda ya ada.