Wepesi wa nyuzi za kaboni unavyolipiwa kiwandani

Anayeshika fremu ya baiskeli ya nyuzi za kaboni kwa mara ya kwanza huinyanyua kwa nguvu za bure, maana mkono ulijiandaa kwa chuma. Sentimita moja ya ujazo ya plastiki hii iliyoimarishwa kwa nyuzi hizo ina uzito wa gramu 1.6 hivi, chuma kina 7.8. Wanaoisifu huanzia hapo, na wengi huishia hapo. Wanaoiponda huelekeza kidole kiwandani, wakisema wepesi huo hulipiwa huko kwa taabu kubwa mno. Nami nadhani ubishi huu hauamuliki mpaka mtu aingie huko ndani aone.

Nyuzi nyingi huanza zikiwa nyeupe, za plastiki iitwayo poliakrilonitrili, ndugu wa ile inayofumiwa sweta za akriliki. Hupitishwa polepole kwenye tanuri lenye hewa, digrii 200 hadi 300 za Selsiasi (nasema digrii, nyuzi zisije zikagongana na nyuzi), huku zimevutwa zisisinyae. Hapo hugeuka njano, kahawia, kisha nyeusi. Halafu huingia tanuri la pili lililojaa naitrojeni bila oksijeni, joto likipita digrii 1000. Karibu kila kisicho kaboni hutimuliwa, ikiwemo gesi ya sianidi ya hidrojeni, sumu kali isiyoweza kuachwa itoke hivihivi. Zikiingia kilo mbili, hutoka kama moja. Uzi mmoja huwa na unene wa maikroni 5 hadi 7 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele hufika 70.

Peke yake uzi huo huhimili kuvutwa, lakini ukisukumwa hujikunja tu. Kwa vipande vya ndege, nyuzi zilizokwisha kulowekwa resini ya epoksi, aina ya gundi inayokuwa ngumu ikiokwa, hutunzwa kwenye friza ili resini isiwe ngumu kabla ya wakati. Hupangwa tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu, kila tabaka likielekezwa upande utakaobeba mzigo, hufunikwa kwa mfuko unaofyonzwa hewa, kisha huokwa kwa saa kadhaa kwenye otoklevu, chombo cha joto na shinikizo. Viputo vya hewa vikibaki humo, kipande hupoteza nguvu.

Je, taabu yote hiyo inalipa? Kwa ndege, naona inalipa. Nusu ya uzito wa Boeing 787 ni maada za aina hii, na kila kilo iliyopunguzwa huokoa mafuta kila safari, miaka nenda rudi. Kwa gari hesabu haiko wazi hivyo. BMW ilijaribu na gari lake la umeme, i3, mwaka 2013, ikisukuma resini ndani ya kalibu iliyofungwa ili kila kipande kitoke kwa dakika badala ya saa. Uzalishaji wa i3 ulikoma 2022. Kifuniko cha kioo cha pembeni kilichotengenezwa kwa kaboni, hicho ni pambo tu.

Wapinzani wana hoja nyingine nisiyoweza kuikwepa. Chuma kikigongwa hubonyea, ukaona. Maada hii inaweza kupasuka kati ya tabaka na uso ukabaki laini, hadi ipimwe kwa mawimbi ya sauti. Rolls-Royce ilikiona cha moto ilipotengeneza mapanga ya feni ya injini ya ndege ya RB211 kwa nyuzi za kaboni: kwenye jaribio la kugongwa na ndege mnyama yalivunjika, ikarudi kwenye titani. Gharama za injini hiyo ziliisukuma kampuni kufilisika mwaka 1971. Kosa halikuwa la nyuzi peke yake. Zilipelekwa mahali pa kugongwa kabla hazijaeleweka. Leo yako mapanga ya kaboni yanayoruka salama, yakiwa yamevishwa ukingo wa chuma upande wa mbele.

Kinachonisumbua zaidi ni mwisho wake. Epoksi iliyokwisha kuiva haiyeyuki tena. Inaweza kuunguzwa pasipo oksijeni ili nyuzi zichukuliwe upya, lakini kwa kawaida hutoka zimekatwakatwa, na bawa la ndege halijengwi kwa vipande vifupi. Resini zinazoyeyushwa upya zipo, ila huhitaji joto kubwa zaidi kuzifinyanga, kwa hiyo bili ya umeme inarudi palepale kwenye kalibu.