Marashi Yetu na Afya: Hatari Iko Wapi Hasa?

Mwezi uliopita, katika harusi ya binti wa kaka yangu huko Mikindani, shangazi yetu mwenye pumu alitoka chumbani kwa bibi harusi akikohoa, akaketi barazani na pampu yake mkononi. Ndani, chetezo kilikuwa kinafuka udi, na wasichana watatu walikuwa wakijipulizia pafyumu kwa pamoja huku madirisha yamefungwa. Jioni ile vijana walilaumu kemikali za pafyumu za dukani, na wazee wakajibu kwamba bibi zetu walijifukiza na kujipaka marashi hadi uzeeni wakiwa na afya zao.

Hoja ya vijana ina uzito pale inapohusu pumzi na ngozi, maana harufu kali inaweza kuamsha pumu kwa mwenye ugonjwa huo, na viungo vya manukato ni miongoni mwa visababishi vya kawaida vya mzio wa ngozi. Wanapokosea ni kudhani kwamba kilichotoka shambani hakidhuru. Limonini ya maganda ya ndimu na linaloli iliyomo kwenye rehani, viungo vya asili vinavyoleta harufu, hugeuka zinapokutana na hewa kwa muda mrefu, zikawa vichochezi vikali zaidi vya mzio kuliko zilivyokuwa mwanzo, na hii ndiyo sababu chupa ya zamani isiyofungwa vizuri inaweza kumwasha mtu shingoni ingawa ilipokuwa mpya haikumfanya kitu. Yujenoli ya karafuu nayo imo katika orodha ya viungo 26 ambavyo Umoja wa Ulaya uliamuru viandikwe kwenye vipodozi vinapozidi kiwango fulani. Mwaka 2023 orodha hiyo iliongezwa ikapita 80. Udi pia ni moshi, na moshi hubeba chembe ndogo zinazoingia mapafuni, hata kama mti wenyewe ni wa asili na una heshima yake kwetu.

Kuhusu madai kwamba pafyumu huvuruga homoni na uzazi, ninasita zaidi. Baadhi ya fthaleti, kemikali zinazotumika kulainisha plastiki na kufanya harufu idumu, zimedhuru uzazi wa panya maabara, na Ulaya imezipiga marufuku katika vipodozi. Lilial, iliyotumika miaka mingi kuleta harufu ya maua, nayo iliondolewa huko Machi 2022 kwa sababu ya aina hiyo. Hata hivyo, dozi wanazopewa panya aghalabu ni kubwa kuliko anazopata mtu anayejipulizia asubuhi, na fthaleti inayotumika zaidi kwenye pafyumu si ile iliyoonekana mbaya kuliko zote. Kumwambia mama mjamzito kwamba chupa yake ni sumu ni kumtisha bila ushahidi wa kutosha. Kumshauri apunguze kwa miezi hiyo ni busara isiyomgharimu kitu.

Jambo linaloniumiza zaidi liko sokoni Mtwara. Muuzaji wa pafyumu za kupima huvuta mafuta kwa bomba la sindano kutoka chupa kubwa, huyatia katika kichupa kidogo, huongeza spiriti, hutikisa, na mteja huondoka na kichupa kisicho na neno hata moja. Akiwashwa kesho, daktari atamuuliza alijipaka nini, naye atajibu kwa jina la harufu tu. Watetezi wa biashara hii wanasema kweli kwamba bila yake wengi wetu tusingenukia, kwa kuwa chupa halisi ni ghali, na kijana yule anasomesha wadogo zake kwa meza ile. Sitaki meza yake iondolewe. Ila tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na naona haki ya mnunuzi ianzie hapo: chupa kubwa iwe na lebo ya kiwandani inayosomeka, na kila kichupa kibandikwe karatasi yenye jina la mafuta na tarehe yalipopimwa.

Nyumbani tumeshakubaliana kwamba katika harusi ijayo chetezo kitakaa uani, na wasichana watajipulizia huko huko kabla ya kuingia kwa bibi harusi.